Kikapu Hakikumaliza Uyoga wa Kakamega

Mvua za masika zinapokolea Kakamega, mwezi wa Aprili kuelekea Mei, ghala nyingi huwa zimebaki na mahindi ya kuhesabika, na mahindi mapya shambani bado hayajafika kiunoni. Hapo ndipo uyoga unapochomoza, mweupe juu ya kichuguu, wa kahawia kwenye gogo lililolowa. Waluhya huuita obwoba. Huchemshwa kwa musherekha, ile chumvi ya majivu inayochujwa kutokana na mabua ya maharagwe au maganda ya ndizi, kisha huungwa kwa karanga au ufuta na kuliwa na ugali. Unaozidi huanikwa juani na kuwekewa siku za ukame. Kwa vizazi vingi chakula hiki kimekuja pale chakula kingine kilipopungua, na waliokifuata zaidi ni wanawake na watoto.

Historia ya chakula hicho imesimuliwa upande mmoja. Tangu msitu wa Kakamega uwekewe mipaka, mtu anayeingia na kikapu ametazamwa kwa shaka, na anayeingia na msumeno mwenye kibali ametazamwa kama mwekezaji. Ukiifuata habari yenyewe tangu mwanzo wake, unakuta kwamba pale uyoga ulipopungua, uliufuata mti uliokatwa, kichuguu kilichosawazishwa na ardhi iliyokanyagwa hadi ikawa ngumu. Mchumaji alikuja mwisho, akakuta hasara imekwisha kutendeka.

Mwanzo wenyewe uko mbali kuliko binadamu. Mwaka 2005 watafiti Duur Aanen na Paul Eggleton walichapisha ushahidi kwamba mchwa wanaolima kuvu walitokea katika misitu ya mvua ya Afrika, kiasi cha miaka milioni 30 iliyopita. Miaka 11 baadaye, mwaka 2016, kundi jingine la wanasayansi likaeleza visukuku vya bustani za kuvu za mchwa vilivyopatikana katika Bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, vyenye umri wa miaka milioni 25. Kilimo cha kwanza katika nchi zetu, basi, hakikuanza na mtama wala wimbi. Kilianza chini ya ardhi, gizani, kwa wadudu wasioona.

Namna kinavyofanyika inafaa kuelezwa polepole, maana ndiyo inayoamua mchumaji mwema ni yupi. Mchwa wafanyakazi hula majani makavu na vipande vya miti, hurudi ndani ya kichuguu na kutoa kinyesi wanachokijenga kuwa sega. Juu ya sega hilo huota kuvu ambayo mtaalamu Mfaransa Roger Heim aliipa jina la Termitomyces mwaka 1942. Kuvu hiyo huvunjavunja sehemu ngumu za mti ambazo tumbo la mchwa haliziwezi, kisha mchwa hula sega lililokwisha kulainika pamoja na vinundu vyeupe vinavyoota juu yake. Mvua inapoingia ardhini, kuvu hupeleka juu shina refu, linaloweza kupita udongo mwingi kabla ya kufungua mwavuli kwenye mwanga. Tunachokila sisi ni tunda hilo tu. Aina kubwa kuliko zote, iliyopewa jina la kisayansi mwaka 1980 kwa vielelezo vya Zambia, inaweza kufungua mwavuli wa hadi mita moja. Aina ndogo kuliko zote, Termitomyces microcarpus, hujitokeza kwa mamia pale mchwa wanapotoa mabaki ya sega nje na kuyatandaza juu ya ardhi. Hakuna anayeulima uyoga huu kwa biashara bila mchwa wake. Anayeutaka hana budi kumwacha mchwa aishi.

Msitu wa Kakamega wenyewe ni kipande cha mashariki kabisa cha ile misitu ya mvua iliyotanda toka Afrika Magharibi na bonde la Kongo. Uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hadi 1,700 hivi, na hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Hali ya nchi ilipokuwa ya unyevu zaidi, msitu ulisogea mashariki. Ilipokauka, ulikatika na kubaki visiwa. Ndiyo maana shorobo mkubwa wa buluu na wanyama wengine wa Kongo wanaonekana hapa na ni nadra kuonekana kwingineko Kenya. Uyoga nao unafuata asili hiyo. Katika miombo ya Tanzania na Zambia, uyoga mwingi unaoliwa huishi kwa ushirika na mizizi ya miti iliyo hai, na umeandikwa vizuri: Marja Härkönen wa Finland na mwanabotania Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa pamoja na wenzao kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania mwaka 2003. Kakamega ni tofauti. Hapa wengi ni wavunjaji wa miti iliyokufa, wakaaji wa majani yaliyooza, na wale wa kichuguu. Kwa lugha rahisi, uyoga wa Kakamega unakula kifo cha msitu, na msitu usioruhusiwa kufia mahali pake hauwezi kuulisha.

Binadamu aliingia katika habari hii mapema, ingawa uyoga hauachi mifupa wala ganda. Katika pango la El Mirón huko Hispania, ukoga uliogandamana kwenye meno ya watu walioishi zaidi ya miaka 15,000 iliyopita ulikutwa na chembe za uyoga. Kwetu hakuna meno yaliyosema hivyo bado. Tulicho nacho ni vyungu. Urewe, mahali palipotoa jina la ufinyanzi wa kale wa wakulima wa kwanza waliotumia chuma katika nchi za Ziwa Viktoria, pako Siaya, upande ule unakotelemkia mto Yala baada ya kupita ndani ya msitu wa Kakamega. Watu waliofinyanga vyungu vile miaka 2,000 iliyopita walihitaji makaa mengi ya kuyeyushia chuma, na walilima karibu na miti. Kichuguu kilikuwa sehemu ya mashamba yao kama kilivyo sehemu ya mashamba yetu.

Na kichuguu kilikuwa na mwenyewe. Jambo hili lina uzito mkubwa kuliko linavyopewa. Katika nchi ya Waluhya na ya jirani zao Wajaluo, kichuguu kilicho ndani ya ardhi ya mtu kilijulikana ni cha nani, na mwanawe angeweza kukirithi. Kumbikumbi, tsiswa, walipokaribia kuruka, mwenye kichuguu ndiye aliyetega, akajenga kibanda cha majani juu ya matundu, akapiga vijiti juu ya ubao ili wadudu wadhani mvua imeshuka. Aliyetaka kutega kwenye kichuguu cha mwenziwe aliomba. Uyoga uliota juu ya kichuguu kilekile, na heshima ileile ikaufuata, ingawa kwa kawaida kwa ulegevu zaidi, kwa kuwa uyoga hauchelewi kuoza na ni afadhali uliwe na jirani kuliko uliwe na funza. Hakuna mwenye akili aliyekivunja kichuguu ili apate uyoga wa siku moja akakosa kumbikumbi na uyoga wa miaka ijayo. Hiyo ilikuwa sheria, ingawa haikuandikwa popote.

Ndani ya msitu mkubwa mambo yalikuwa mapana zaidi. Waisukha, Waidakho, Wakabras, Watiriki na Wanandi walikuwa na maeneo yao ya kuwinda, kuchuma dawa na kuweka mizinga. Miti ilikuwa na majina na kazi: mutere, murumba, mutondo, mwiritsa. Watiriki walihifadhi vichaka vya jando ambavyo mtu asiyehusika hakuvikanyaga, na miti mizee ya vichaka hivyo ilisimama hata pale mashamba yalipoizunguka pande zote. Sidai kwamba watu wa kale hawakukata msitu. Walikata, walichoma, walilima, na Wanandi walilisha ng'ombe katika mbuga zilizo ndani yake. Lakini idadi yao na vyombo vyao viliacha muda wa ardhi kupumua, na gogo lililoanguka lilioza palepale lilipoangukia.

Mabadiliko yalikuja kwa kasi. Desemba 1901 reli ya Uganda ilifika ufukoni mwa Ziwa Viktoria, na injini zake zilikula kuni. Mwaka 1902 sehemu hii, iliyokuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ilihamishiwa upande wa Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza. Mwaka huohuo Waquaker kutoka Marekani walifika Kaimosi, kusini mwa msitu, wakafungua misheni ya kidini na ya ufundi, na miongoni mwa kazi zao za mwanzo ilikuwa kupasua mbao kwa mashine. Simtaji mtu yeyote hapo kwa nia mbaya. Walijenga shule na hospitali ambazo vizazi vimefaidika nazo. Lakini tangu hapo mti mkubwa wa Kakamega ulipata bei, na kitu chenye bei hakiachwi kuoza.

Kisha ikaja miaka mitatu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyoamua mambo. Mwaka 1931 Mmarekani aitwaye L. A. Johnson aligundua dhahabu karibu na Kakamega. Wazungu wengi waliokuwa wameumizwa na mdororo wa uchumi wa dunia walimiminika, na mashimo yakachimbwa kwenye mashamba ya watu. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imeahidi kwa sheria kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika ingekuwa yao daima, na kwamba ikichukuliwa sehemu, wangepewa nyingine. Desemba 1932 sheria hiyo ilirekebishwa haraka ili ardhi iweze kutolewa kwa ajili ya madini bila kulipwa kwa ardhi nyingine na bila kupitia baraza la wenyeji. Mgodi wa dhahabu wa Rosterman uliendelea kufanya kazi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na migodi ya chini ya ardhi huhitaji magogo ya kushikilia dari na kuni za kuendeshea mitambo.

Wino wa marekebisho hayo ulikuwa haujakauka, msitu nao ukatangazwa rasmi kuwa chini ya Idara ya Misitu, mwaka 1933. Ukizitazama hatua hizi mbili pamoja, utaelewa kwa nini hadi leo wazee wa Isukha na Idakho huzungumzia mpaka wa msitu na shimo la dhahabu kwa pumzi moja. Ndani ya muda mfupi mkulima aliambiwa kwamba dhahabu iliyo chini ya mguu wake si yake, na kwamba mti ulio mbele ya nyumba yake si wake. Tendo la kuingia msituni kuchuma uyoga, ambalo jana lilikuwa la kawaida kama kwenda kisimani, likawa ni kuingia katika mali ya serikali. Na hapo ndipo jambo la hatari lilipotokea kimya kimya: yule aliyekuwa na haki ya kuchuma pamoja na wajibu wa kutunza alinyang'anywa vyote viwili kwa mpigo. Mtu anayechuma kwa wizi hachagui, hasubiri uyoga ukomae, harudi kufunika shimo. Huchuma alichokiona na kuondoka.

Waliopewa jukumu la kutunza nao walikuwa na kazi nyingine. Idara iliuona msitu kwa macho ya mbao. Miti ya asili yenye thamani ilivunwa kwa miongo kadhaa, na penye nafasi ilipandwa misindano, misaipresi na mikalitusi. Chini ya msindano majani yanayoanguka ni sindano kavu zenye asidi. Uyoga wa msitu wa asili hauzoei hapo. Uvunaji wa miti ya asili ulipigwa marufuku kwa amri ya rais katika miaka ya 1980, na mwaka 1986 likaundwa shirika la Nyayo la kupanda ukanda wa chai kuzunguka misitu, Kakamega ikiwemo, ili chai iwe ukuta kati ya shamba na mti. Ukanda wenyewe, hata hivyo, ulipandwa kwa kufyeka sehemu ya msitu uliokusudiwa kulindwa.

Nje ya mpaka mambo yalikuwa makubwa zaidi, na hapa ndipo historia nyingi za msitu hukosea kwa kuishia kwenye uzio. Uyoga wa kichuguu ni uyoga wa shambani na wa malishoni kuliko wa msituni. Kampuni ya sukari ya Mumias ilianzishwa mwaka 1971 na kiwanda kikaanza kusaga miwa mwaka 1973. Baadaye Kabras nayo ikapata kiwanda chake. Kichuguu katikati ya shamba la miwa ni kikwazo kwa trekta, nacho husawazishwa. Udongo wake ni mzuri kwa matofali na kwa kusiriba nyumba, nao huchimbwa. Mchwa hula mabua, basi hupigwa sumu. Kwa miaka mingi dawa za kumaliza mchwa zilikuwa aldrini na dieldrini, kemikali zinazodumu ardhini na mwilini kiasi kwamba Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliziweka miongoni mwa zile 12 za kwanza za kuondolewa duniani. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika Kaunti ya Kakamega. Mashamba yamegawanywa baina ya wana na wajukuu hadi kipande kimoja hakina nafasi ya nyumba, mahindi na kichuguu pamoja. Sithubutu kumlaumu mwenye robo ekari kwa kuchagua mahindi. Lakini tusimgeukie mama mwenye kikapu tukamwambia yeye ndiye aliyemaliza uyoga.

Ulinzi wa kisasa ulianza kwa vipande. Mwaka 1967 sehemu za Isecheno na Yala zilitengwa kuwa hifadhi za asili ndani ya msitu. Mwaka 1985 upande wa kaskazini, Buyangu pamoja na Kisere, ukawa Hifadhi ya Taifa ya Kakamega, ambayo leo iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Upande wa kusini umebaki kwa wasimamizi wa misitu. Msitu mmoja ukawa na taratibu mbili: kaskazini ulinzi ni mkali na kuchuma hakukubaliki kwa kawaida, kusini watu huweza kulipa ada ndogo kwa ajili ya kuni au malisho. Ndege hawajui mstari huo, na kuvu pia hazijui, lakini anayeishi Shinyalu, pembeni mwa msitu, anaujua vizuri.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ndiyo iliyogeuza lugha. Iliunda Huduma ya Misitu ya Kenya, ikaruhusu vyama vya jamii kushiriki katika usimamizi, na Muileshi ni mojawapo ya vyama vilivyoundwa upande wa Kakamega. Kifungu chake cha 22 kilisema jambo ambalo lingemfurahisha bibi yeyote wa mwaka 1930: kwamba sheria haimzuii mwanajamii wa msitu kutumia, kwa masharti yatakayowekwa, mazao ya msitu ambayo ni desturi ya jamii yake kuyachukua, mradi si kwa kuuza. Wabunge walikuwa wamerudi, baada ya miaka 72, pale desturi ilipoachia. Uyoga wa chungu cha nyumbani uko ndani ya maneno hayo bila shaka yoyote. Uyoga wa kuuza sokoni uko nje yake, na nadhani mgawanyo huo una busara, ingawa unamuumiza mwanamke ambaye fungu la uyoga ndilo linalomlipia mtoto kalamu. Uyoga haujulikani utaota lini. Anayeutegemea kwa fedha hulazimika kuchuma hata ule mchanga na kuingia kila mahali, mvua ikinyesha au isinyeshe. Sheria mpya ya mwaka 2016 ilichukua nafasi ya ile ya 2005 na kuendeleza nafasi ya vyama vya jamii. Mlango wa kuandikiana masharti ya uchumaji uko wazi, ikiwa kutakuwa na wa kuupita.

Masharti gani? Hapa sayansi inasaidia. Katika msitu wa La Chanéaz nchini Uswisi, watafiti walichuma uyoga wote katika vipande fulani vya ardhi tangu mwaka 1975 hadi 2003, na kuacha vingine bila kuguswa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba kuchuma hakukupunguza uyoga wa miaka iliyofuata, iwe umeng'olewa au umekatwa kwa kisu. Kilichopunguza ni kukanyaga. Pale watu walipopita kila mara, uyoga uliojitokeza ulikuwa mchache, ingawa utando wa kuvu ulio ardhini haukuonekana kudhurika. Uswisi si Kakamega, na kuvu zao huishi na mizizi ya miti. Hata hivyo funzo lake linaendana na mambo tunayoyaona kwetu, ambako ng'ombe huingia msituni kwa makundi na kila njia ya ng'ombe hupanuka mvua ikinyesha. Ukwato wa ng'ombe hugandamiza udongo kuliko mguu wa mchumaji.

Tofauti na mazao mengine ya msitu huu iko wazi. Mukombero, ule mzizi mtamu unaotafunwa na kuuzwa mijini, huchimbwa, na mmea wake hufa. Ndiyo maana wakulima wa kikundi cha Muliro waliamua kuupanda mashambani mwao. Mwiritsa huchunwa gome kwa ajili ya dawa ya tezi dume inayohitajika Ulaya. Ukichunwa kuzunguka shina lote, mti hukauka, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa imewekewa udhibiti chini ya mkataba wa CITES. Uyoga unaweza kuchukuliwa bila kuua kuvu iliyouzaa. Kwa hiyo mchumaji mwema wa uyoga hapimwi kwa wingi wa alichobeba. Hupimwa kwa alichokiacha nyuma yake: je, ameacha kichuguu kizima, hakuingiza jembe ndani kutafuta mwisho wa mzizi? Amerudisha majani aliyoyapekua? Amepita njia iliyopo au amefungua mpya? Uyoga uliokwisha kufunguka na kulegea auache umwage mbegu zake. Ladha yake imekwisha, na chembe zake ndizo zinazokwenda kutafuta gogo jingine. Na ardhi ikiwa ya mtu, amwombe, kama ilivyokuwa.

Lipo sharti moja lisilo na mjadala. Asiyeujua uyoga asiule. Msiba wa uyoga wa sumu hutokea penye ujuzi wa nusu: mtu aliyelelewa mjini anakumbuka mwavuli mweupe wa bibi yake, anauona mwavuli mweupe kwenye nyasi za uwanjani, anauchuma. Uwanjani huota Chlorophyllum molybdites, unaofanana sana na uyoga mzuri, na ambao chembe zake za kijani hutambulika tu kwa anayechunguza chini ya mwavuli uliokomaa. Huo hutapisha na kuharisha vibaya. Sumu ya amatoksini, iliyo katika baadhi ya aina za Amanita, ni ya kutisha zaidi: dalili huchelewa saa 6 hadi 12 au zaidi, mgonjwa hutapika, kisha huonekana kupata nafuu, na wakati huo ini lake linakufa. Kuchemsha hakuiondoi. Kijiko cha fedha, kitunguu kinachobadilika rangi, na konokono aliyeuonja kabla yako si vipimo. Kipimo kilichookoa watu ni kufuatana na mama au shangazi msimu baada ya msimu mpaka jicho lizoee, na mnyororo huo unakatika kila familia inapohamia Nairobi au Eldoret. D. N. Pegler wa bustani ya Kew alitoa mwaka 1977 orodha kubwa ya kitaalamu ya uyoga wa Afrika Mashariki, na bado inatumika, lakini imeandikwa kwa maneno ambayo mchumaji wa Shinyalu hawezi kuyatumia. Kitabu cha Kiswahili chenye picha, na majina ya Kiisukha, Kiidakho na Kikabras kando yake, ni deni la vyuo vyetu.

Vyuo hivyo havijalala. Kati ya 2011 na 2013 zilichapishwa tafiti juu ya aina za uyoga zilizochukuliwa msituni Kakamega ili zizoeshwe kulimwa. Ule wa sikio la mti, Auricularia, ulichunguzwa kwa maumbo yake na kwa namna ya kutengeneza mbegu zake kwa nafaka ya wimbi na mtama. Ule wa manjano, Pleurotus citrinopileatus, ulichunguzwa virutubisho vyake na kupandwa kwenye mabaki ya mazao yanayopatikana vijijini. Hii ni kazi inayostahili kuungwa mkono kwa fedha na kwa masoko, maana inaweza kumpa muuzaji uyoga wa kuuza na kumwachia msitu ule wa kula. Tena inaonyesha msitu una thamani gani: mbegu ya shamba la kesho ilichukuliwa kwenye ubao uliooza wa leo.

Na kwenye ubao uliooza ndipo lilipo jambo gumu ambalo bado halijapata jibu. Vibali vya upande wa kusini huruhusu kuni kavu, zile zilizoanguka, kwa wazo kwamba mti uliokufa hauna kazi tena. Kwa kuvu za Kakamega, hapo ndipo kazi inapoanzia. Kila mzigo unaotoka msituni kichwani mwa mwanamke ni makao ya uyoga yanayokwenda mekoni, na mwanamke huyo ndiye huyohuyo atakayerudi Mei kuutafuta uyoga, asiuone. Yeye analijua hilo kuliko ofisa aliyempa risiti. Tangu mwaka 1995 mradi wa elimu ya mazingira wa KEEP, ulioanzishwa na vijana wa Isecheno wenyewe, umekuwa ukifundisha watoto wa shule na kueneza majiko yanayotumia kuni chache, na hiyo ni njia mojawapo. Nyingine ingekuwa kuandika ndani ya kibali kwamba matawi membamba yachukuliwe na magogo manene yaachwe, jambo ambalo halihitaji sheria mpya wala fedha, isipokuwa kikao cha chama cha jamii na ofisa wa misitu wa Isecheno kabla mvua za masika hazijaanza.